Nyumba ya Kupanga katika Lugha na Fasihi Yetu

Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwezi wa Desemba 1962, mfano uliotolewa kuonyesha jinsi tulivyojidharau ulikuwa wa ngoma: kwamba vijana wetu walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za babu zao. Mfano ulikuwa mzuri, na ulizaa matunda. Lakini tangu hapo, kila inapozungumzwa habari ya utamaduni wa taifa, huzungumzwa ngoma, mavazi, nyimbo, maigizo na lugha. Nyumba huachiwa wahandisi. Hata pale ilipotajwa na wakubwa, ilitajwa kwa habari ya vifaa vyake. Mwaka 1977, katika kulipima Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu Nyerere aliwakemea watu waliokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae kwa sababu walikuwa wakingojea bati na saruji, ile saruji waliyozoea kuiita udongo wa Ulaya. Alisema kweli. Hata hivyo nyumba hujengwa kwa maneno pia, na maneno hayo hutangulia msingi, tena hubaki baada ya ukuta kuanguka.

Makala haya yanahusu maneno hayo, hasa yale yanayotumika kuieleza nyumba ambayo anayeikaa si yake. Tumeichagua nyumba ya kupanga kwa kuwa ndimo walimo watu wengi wa mijini, na kwa kuwa, kwa maoni yetu, ndiyo iliyoelezwa vibaya kuliko zote. Dalali huieleza ili iondoke mikononi mwake. Sheria huieleza kwa tarehe na fedha. Mtunzi wa riwaya, ambaye ndiye tuliyemtegemea, aghalabu huipita mbio, kana kwamba mhusika wake hajapata kulala humo.

Tuanze na lugha yenyewe. Nyumba, jumba na chumba ni maneno ya shina moja. Likikuzwa huwa jumba, likidunishwa huwa chumba. (Wako wanaolihusisha shina hilo na kuumba. Sisi hatutaki kubahatisha.) Kwa hiyo apangaye chumba, kwa kauli ya lugha, amepanga nyumba iliyo ndogo, ingawa maneno “nyumba ndogo” yamekwisha kupata kazi nyingine mjini, nasi hatutayatumia tena hapa. Lugha haikumdharau mtu wa chumba kimoja. Ilimpa nyumba kamili kwa kipimo chake.

Lakini mwulize mtu huyo, “Nyumbani ni wapi?” Atakujibu Newala, au Kilosa, au Bukoba, hata kama ana miaka thelathini Manzese na watoto wake wote wamezaliwa huko. Ukitaka kujua anakolala usiku wa leo, yakupasa kuuliza, “Unakaa wapi?” Nyumbani ni kule alikozikwa babu, mjini ni mahali pa kukaa tu, na aketiye aweza kuambiwa inuka. Vivyo hivyo tuna vitenzi viwili kwa jambo ambalo lugha nyingine huenda zingelitosheka na kimoja. Mtu hukodi baiskeli, hukodi shamba, hukodi viti vya arusi, chumba hukipanga. Na kupanga, kama ajuavyo kila mwenye duka la vyombo, ni kuweka vitu kwenye safu. Mpangaji ni mmoja katika safu. Akitajwa na watoto wa mwenye nyumba wakati wa ugomvi huongezewa neno moja dogo lenye sumu: mpangaji tu.

Nyumba iliyoyalea maneno haya, kwa upande wa Dar es Salaam, ni ile ya vyumba sita. Wasomaji wengi wataikumbuka, maana wamekaa humo au wamekwenda kumtafuta ndugu aliyekaa humo. Kariakoo, ambayo Wajerumani waliichora mitaa yake ya mraba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambayo ilipata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya mwaka 1916, ilijaa nyumba za namna hii. Zikaenea Ilala, Magomeni, Temeke na kwingineko. J. A. K. Leslie, ambaye uchunguzi wake juu ya mji huo ulichapishwa mwaka 1963, aliieleza kwa makini kuliko wengi wa wenyeji walioandika baada yake. Mbele yake ni baraza. Ukivuka mlango mkubwa unaingia katika ujia wa kati, ambao wengine huuita ukumbi na wengine korido, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, milango ikitazamana. Mwisho wa ujia ni mlango wa nyuma, na baada yake ua, wenye banda la jiko, stoo, choo na mahali pa kuogea, pengine na mti wa mpapai au wa mwarobaini. Kuta zilikuwa za miti na fito, zikakandikwa udongo na kupakwa chokaa. Paa lilikuwa la makuti, kisha la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha la bati. Kuta za ndani mara nyingi hazikufika juu kwenye paa. Jambo hili la mwisho tutalirudia.

Tazama sasa jinsi kila sehemu ya nyumba hiyo ilivyokuwa na jina, na jinsi kila jina lilivyokuwa na watu wake. Barazani ni kwa wanaume na wapita njia, wacheza bao na wauza kahawa. Mgeni asiyejulikana huishia hapo. Ukumbini hupita kila mtu lakini hakai mtu, isipokuwa siku ya msiba au ya mvua. Uani ni kwa wanawake na watoto na maji na moto. Chumbani ni kwa mwenyewe, na pazia la mlangoni likishushwa limefunga kuliko kufuli. Mtu aliyekuwa akieleza nyumba kwa lugha hiyo alikuwa akieleza nani aruhusiwa kufika wapi. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na mpango wao mwingine, wa msana na ndani na zidaka za ukutani, lakini kanuni yake ilikuwa hiyohiyo: chumba kilitajwa kwa kadiri ya umbali wake na mgeni. Neno sebule lenyewe lilikuwa jina la mahali pa kumpokelea mgeni ili asiingie ndani. Tulikumbuke neno hilo, maana tutalikuta likifanya kazi nyingine.

Sisi wenyewe tulipata kupanga katika nyumba ya vyumba sita, Ilala, tulipoanza kazi. Mama mwenye nyumba hakutuuliza mshahara wetu. Alituuliza, “Kwenu wapi, mwanangu?” kisha, “Na hapa mjini mna nani?” Tulipomtaja mjomba wetu wa Temeke aliuliza mtaa, akauliza jina la mke wa mjomba, akatikisa kichwa kama mtu anayeweka kitu kabatini. Kodi ilitajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ilikuwa aibu ndogo iliyotuingilia katika mazungumzo mazuri. Tangu siku hiyo alikuwa Mama kwetu, nasi tulikuwa wanawe, na mwana hukaripiwa: kwa kuacha taa ya ukumbini ikiwaka, kwa kuruka zamu ya kuosha choo, kwa kurudi saa saba ya usiku na kugonga mlango mkubwa.

Hapa yatupasa kujihadhari. Katika miaka ya 1970 ilikuwa desturi ya waandishi wengi, na sisi tulikuwamo, kuisifu nyumba hii kama ujamaa uliojengwa kwa udongo. Tuliandika habari za wanawake waliopikiana na watoto waliolelewa na ua mzima. Hayo yalikuwapo, hatuyakani. Lakini wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na sisi tulilala ndani. Watu ishirini kwa choo kimoja si ujamaa, ni foleni. Mwanamke ambaye hakupata kitoweo siku hiyo aliteleka sufuria ya maji matupu apate kuonekana anapika, kwa sababu majiko yote yalikuwa uani na kila pua ilijua kila chungu. Ugonjwa wa mmoja ulikuwa wa wote. Mke na mume hawakuweza kugombana ila kwa kunong’ona, na kwa kweli hata kupatana. Wale walioandika sifa zile walisahau pia kitu kimoja kilichokuwa dhahiri: kwamba ujamaa huo ulikuwa ukilipiwa kila mwisho wa mwezi. Mama alikuwa Mama hasa, lakini mpangaji aliyeshindwa kodi kwa miezi mitatu alikuta kufuli mpya mlangoni, na ubani wa undugu haukuifungua.

Basi watu walipoanza kutamani nyumba ya namna nyingine, hawakuwa wamepotoshwa na Ulaya. Walikuwa wamechoka. Kosa letu sisi watu wa utamaduni ni kwamba hatukuwapa maneno ya kuieleza nyumba waliyoitamani, na nafasi hiyo ikajazwa na dalali.

Dalali hajapata kuhesabiwa miongoni mwa wasanii wa taifa, ijapokuwa ana ufasaha wake na watu wengi humsikiliza kuliko wanavyomsikiliza mghani wa tenzi. Malipo yake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na kwa sababu hiyo hana haja ya kuijua nyumba, ana haja ya kuimaliza. Msikilizeni: “Chumba na sebule, bosi. Chumba ni masta. Ndani ya fensi, maji hayakatiki, umeme wako mwenyewe, na mwenye nyumba hakai hapa.” Ni utungo uliokamilika, kila kipande chake kina mizani yake, nacho cha mwisho hutamkwa polepole. Tuuchambue kama tunavyochambua utungo wowote.

Sebule, ambayo ilikuwa jina la mahali pa kumkirimu mgeni, hapa imekuwa kipimo. “Chumba na sebule” maana yake ni vyumba viwili vinavyofuatana, basi. Cha mbele kina kochi na televisheni, na mgeni akija usiku hulala hapohapo. Masta ni chumba chenye choo chake ndani, na neno limechukuliwa kutoka lugha ambayo hutumia neno hilohilo kwa bwana wa watumwa, nasi twalitumia kwa bakuli la choo bila kucheka. Vijana walio bachela hukiita chumba chao geto. Huko lilikotoka, mjini Venice mwaka 1516, hilo lilikuwa jina la mtaa ambamo Wayahudi walifungiwa milango usiku. Likapita Ulaya, likavuka hadi Marekani kwa watu weusi, likaja kwetu kwa muziki. Kijana wa Sinza anayemwambia mwenzake “twende geto” hamaanishi gereza. Anamaanisha mahali pekee duniani ambapo hakuna atakayemkaripia kwa kurudi saa saba. Historia ya neno haimhusu, na huenda yeye ndiye mwenye haki.

Lakini neno linalotushughulisha zaidi ni jingine. Dalali mwenye heshima kidogo, au anayeandika tangazo, hasemi masta. Husema chumba cha kujitegemea, nyumba ya kujitegemea. Msomaji wa umri wetu hawezi kulisikia neno hilo bila kushtuka. Kujitegemea ndilo neno lililowekwa kando ya ujamaa mwaka 1967. Ndilo lililopewa elimu yetu mwaka huohuo. Tuliliimba shuleni tukiwa na majembe begani. Lilikuwa na maana ya taifa kusimama kwa nguvu zake lenyewe na watu wake kwa pamoja. Leo, katika kinywa cha dalali na kwenye vibao vya njiani, maana yake ni kwamba choo kimo ndani.

Yaweza kusemwa kwamba twafanya mzaha na jambo dogo. Sivyo. Maneno makubwa ya taifa hayafi kwa kukatazwa; hufa kwa kupata kazi ndogo. Tena, tukilitazama kwa haki, dalali hakuliiba neno. Alilikuta limelala. Yule mwanamke wa sufuria ya maji matupu, akipata leo jiko lake na choo chake na bomba lake, amejitegemea kweli, kwa maana ambayo hotuba zetu hazikuifikia. Jambo la kusikitisha ni kwamba neno limeshika nusu moja tu ya maana yake na kuiacha nusu ya pili. Katika utungo wa dalali kujitegemea ni kutokuwa na jirani, na sifa kuu ya nyumba imekuwa kwamba mwenye nyumba hakai hapo. Hakuna tena atakayeuliza, “Kwenu wapi, mwanangu?” Hiyo inahesabiwa faida, na kodi yake ni kubwa zaidi.

Kuhusu sheria tutasema machache. Neno kodi, ambalo mpangaji hulitumia kwa kile anachompa mwenye nyumba, ndilo analolitumia raia kwa kile anachoipa serikali. Na kodi ya kibanda iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898 ilimfanya mtu mwenye nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mikono yake, ailipie kana kwamba ameipanga. Baada ya uhuru tuliona aibu ya kupangisha. Miiko ya Azimio la Arusha ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, ikiweka jambo hilo pamoja na kumiliki hisa na kupokea mishahara miwili. Na mwaka 1971 majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, ambayo wenyewe hawakuyakaa yote, yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Nyumba ya udongo ya Manzese haikufikia thamani hiyo. Mpangaji wake aliisikia sera hiyo redioni. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, miiko ilifunguliwa. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Leo mpangaji mwenye shauri hupeleka shauri lake katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Twaona neno baraza limehama pia. Zamani lilikuwa hatua tatu kutoka kitandani, leo lahitaji nauli.

Sasa tuifikie fasihi, ambayo ndiyo hasa iliyotufanya tushike kalamu. Hatuwezi kusema kwamba watunzi wetu hawajui kuieleza nyumba. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi yapata mwanzo wa karne ya 19, aliyafanya magofu ya Pate yaseme habari ya mji mzima. Kumbi zilizokuwa na taa na watu zimekuwa mahali pa wadudu na bundi. Zidaka zilizopangwa vyombo vya kauri zimekuwa viota vya ndege. Hakuandika kwamba utajiri umekwisha. Alitwambia kilichokaa sasa pale palipokuwa na sahani. Hiyo ndiyo sanaa ya kueleza nyumba: kitu hutajwa mahali pake, na mahali hapo hututajia aliyekuwapo.

Watunzi wa riwaya wa miaka ya 1970 na 1980 waliirithi sanaa hiyo, lakini waliirithi kwa nyumba mbili tu. Ya kwanza ni nyumba ya bwana. Adam Shafi aliipa riwaya yake ya mwaka 1978 jina la jengo, Kasri ya Mwinyi Fuad, na kwa haki kabisa, maana kasri ile na kibanda cha mtumishi Kijakazi vyatosha kuieleza Unguja ya kabla ya Mapinduzi hata pasipo hotuba. Ya pili ni nyumba iliyo gereza. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maimuna hufungiwa katika nyumba ya baba yake, na msomaji huyajua madirisha na milango ya nyumba ile kama mfungwa anavyojua nondo zake. Hizi ni kazi bora, na tungekuwa wachoyo kama tusingekiri kwamba zimetufunza kuona.

Lakini kati ya kasri na kibanda, kati ya bwana na mfungwa, yuko mtu aliyelipa kodi ya miezi sita kabla ya kuingia, na mtu huyo riwaya zetu nyingi za mjini humpa nafasi ya sentensi moja. Tunazijua sentensi hizo kwa moyo, kwa sababu hazibadiliki: kitanda cha futi nne, meza yenye sahani zisizooshwa, picha ya mwimbaji ukutani, nguo zilizotundikwa msumarini. Kisha mhusika hutoka, huenda baa au ofisini au kwa mchumba, na hadithi huanza huko. Chumba ni mahali pa kuvalia viatu. Katika riwaya pendwa hali ni mbaya zaidi. Huko chumba cha kupanga huwa cha fumanizi au cha maiti, na baada ya kazi hiyo hakitajwi tena.

Sisi tuna jaribio moja ambalo tumelitumia kwa miaka mingi tunaposoma miswada ya vijana. Tumesema kwamba kuta za ndani za nyumba ile ya vyumba sita hazikufika kwenye paa. Maana yake ni kwamba mpangaji anajua kikohozi cha mwenzake, anajua saa anayoamka, anajua alilia lini. Huwajua watu kwa sikio kabla ya kuwajua kwa jicho. Basi twajiuliza: katika mswada huu, je, twaweza kujua kikohozi chatokea ukuta upi? Kama mhusika amekaa chumba hicho miaka minne na hatujui ni nani aliye upande wa pili wa ukuta, mtunzi hajakieleza chumba, ametaja samani. Wengi wa vijana hao hushindwa jaribio, na wakiulizwa hujibu kwamba jirani hahusiani na hadithi. Huyo mtunzi, bila kujua, amejifunza kwa dalali.

Tumepata kuambiwa kwamba jaribio letu limepitwa na wakati, kwa sababu siku hizi kuta hufika juu na kuna siling’i bodi. Ni hoja yenye nguvu. Nyingi ya nyumba za zamani za Kariakoo zimetoweka, ghorofa zimesimama mahali pake, na zile kota za Magomeni zilizobomolewa zimejengwa upya kwa ghorofa zilizozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikikaa hapo. Katika majengo kama hayo, au katika yale marefu ya Michenzani yaliyojengwa Unguja katika miaka ya 1970, hakuna ua wala baraza. Lakini hata huko mtu husikia. Husikia viti vikivutwa juu ya kichwa chake, maji yakishuka katika bomba la ukutani, hatua za ngazini ambazo amekwisha kuzijua ni za nani. Mama wa ghorofa ya tatu huanika nguo, na maji yake humdondokea wa ghorofa ya pili. Hayo yote ni habari ya nyumba, nayo yanamngojea mtunzi. Kama hakuna jina la ujia wa ghorofa ambamo watoto hucheza mpira mvua ikinyesha, basi na litafutwe. Watoto wenyewe bila shaka wanalo, na Kamusi ingefaidika kuwauliza.

Yako pia maandishi mengine juu ya nyumba ambayo wahakiki hawajayagusa, nayo ni yale yaliyo juu ya nyumba zenyewe. Apitaye mitaa ya Dar es Salaam hukuta ukutani, kwa rangi nyekundu au kwa mkaa, maneno “Nyumba hii haiuzwi.” Huandikwa na watu wa familia ili kumzuia ndugu mmoja mwenye tamaa, au tapeli mwenye hati ya uongo. Ni sentensi ya maneno matatu, nayo ina kisa kizima: marehemu, warithi, shaka, na mnunuzi asiyeonekana. Hatujaona riwaya iliyofungua kwa sentensi nzuri kuliko hiyo. Lakini tumewahi kusimama mbele ya ukuta wa namna hiyo na kujiuliza juu ya wale waliokuwa ndani, maana nguo za kaya nne au tano zilikuwa kwenye kamba. Nyumba haiuzwi, wao wamo humo kwa kodi ya miezi sita, na maandishi yale, yaliyo nje ya dirisha lao, hayakuwa yakisema nao.

Yule mama mwenye nyumba wa Ilala tulimwendea tena miaka mingi baada ya kuhama, naye alikuwa amekwisha kuwa bibi. Tulikuwa tukikusanya maneno ya sehemu za nyumba kwa ajili ya kazi fulani, tukamwomba atutajie nyumba yake, chumba kwa chumba, kama angemtajia mgeni asiyeiona. Tulitazamia kusikia vipimo na milango. Aliketi barazani, akanyoosha mkono pasipo kugeuka kutazama. Kulia, alisema, hiki cha kwanza ni cha Mwalimu. Kinachofuata ni cha Mama Pili. Cha mwisho kile chenye joto ni cha Fundi. Kushoto ni changu mimi, kisha cha wale wa Reli, kisha chenu. Mwalimu alikuwa amehamia Dodoma kabla hatujafika sisi katika nyumba ile. Fundi alikwisha kufariki. Tulimwuliza nani anakaa sasa katika kile chenu, akasema yumo kijana mmoja wa simu, mzuri tu, analipa vizuri, bado hajakipa jina.